Kinyozi Ajinyoe: Chuo Kikuu, Mazingira na Wajibu wa Wanakiswahili

Utangulizi

Kinyozi hajinyoi, walinena wahenga. Aghalabu methali hii hutumiwa kumtetea mtu: fundi, hata awe hodari vipi, naye huhitaji mkono wa mwenzake. Lakini ina upande wa pili, upande wa kusuta. Yuko kinyozi ambaye siku kutwa hunyoa vichwa vya watu vikang'aa, ilhali chake mwenyewe ni kichaka. Vyuo vikuu vyetu, mintarafu ya suala la mazingira, vinafanana mno na kinyozi huyu wa pili. Ndivyo vinavyowafunza maafisa wa misitu, wahandisi wa maji, wanasheria na walimu. Ndivyo vinavyoalikwa kuishauri serikali kila mito inapokauka au kufurika. Lakini hebu msomaji atembee katika mengi ya mabewa yenyewe. Hatakosa kukuta bomba livujalo wiki nzima, taa ziwakazo mchana katika kumbi tupu, jaa lifukalo moshi nyuma ya mabweni na jiko la mkahawa linalolishwa kuni lori kwa lori.

Makala haya yananuia kutetea hoja moja. Bewa haliwezi kuwa endelevu iwapo mtaala wake umeyapa mazingira kisogo, na mtaala hauwezi kuyakabili mazingira maadamu kazi hiyo imeachiwa vitivo vya sayansi peke yake. Idara ya Kiswahili ina fungu lake katika kazi hii, fungu ambalo hakuna idara nyingine iwezayo kulibeba kwa niaba yake.

Maana ya neno "endelevu"

Sisi tuliozoea mofolojia tunajua jinsi kiambishi -vu kinavyozalisha vivumishi kutokana na vitenzi. Atuliaye ni mtulivu, asikiaye ni msikivu, nacho kiangaacho ni kiangavu. Vivumishi hivi havitaji tendo la mara moja bali hulka. Msikivu si mtu aliyesikia jana, ni mtu ambaye kusikia kumekuwa tabia yake. Kwa mantiki hiyo hiyo, chuo endelevu si chuo kilichofanya usafi Jumamosi iliyopita kabla ya mgeni wa heshima kuwasili. Ni chuo ambacho hulka yake ni kutumia bila kumaliza.

Maana hii haiko mbali na ile iliyotolewa mwaka 1987 na Tume ya Dunia ya Mazingira na Maendeleo iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland. Tume hiyo iliyaeleza maendeleo endelevu kuwa ni yale yanayotosheleza mahitaji ya watu wa leo pasipo kuvipokonya vizazi vijavyo uwezo wa kutosheleza mahitaji yao. Tangu hapo matamko yamefuatana. Mwaka 1990 wakuu wa vyuo vikuu waliokutana Talloires, Ufaransa, waliahidi kuyaingiza mazingira katika mafunzo, utafiti na uendeshaji wa vyuo vyao. Mwaka 2004 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Gigiri, Nairobi, lilianzisha ushirika wa kuyafanya mazingira kuwa sehemu ya masomo katika vyuo vikuu vya Afrika. Ukafuata Muongo wa Umoja wa Mataifa wa Elimu kwa Maendeleo Endelevu, 2005 hadi 2014. Mwaka 2017 Kenya nayo ikatoa sera yake ya elimu kwa maendeleo endelevu. Katiba ya mwaka 2010 ilikuwa imekwisha kumpa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi yenye afya (Ibara ya 42), na kuiagiza serikali ijitahidi kuhakikisha kwamba miti inafunika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi (Ibara ya 69).

Ni dhahiri basi kwamba matamko si haba. Kilichopungua ni matendo.

Miche na picha

Katika vyuo vingi tendo la kimazingira linalojulikana zaidi ni siku ya kupanda miti. Hema hutandazwa, hotuba hutolewa, mgeni wa heshima hushika jembe, picha hupigwa. Hatuibezi siku hiyo. Serikali ilipotangaza Novemba 13, 2023 kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti, kama sehemu ya azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, wanafunzi wengi walishika majembe kwa moyo mkunjufu.

Kasoro iko katika hesabu. Tunahesabu miche iliyotiwa ardhini, hatuhesabu miti iliyosimama. Miche ya Novemba hukutana na kiangazi cha Januari na Februari, na aghalabu wapandaji huwa wameshughulishwa na mambo mengine au wako likizoni. Hakuna aliyepewa zamu ya kuinyweshea. Mwaka unaofuata mashimo yale yale huchimbwa upya na hotuba kusomwa upya. Kupanda ni tendo. Kutunza ni hulka. Tukirejea mofolojia yetu, kiambishi -vu kimetushinda.

Kuna suala jingine: tunapanda nini, na wapi? Jakaranda ambazo kila mwaka hutandika zulia la zambarau katika barabara za Nairobi na mabewa yake asili yake ni Amerika ya Kusini. Mikaratusi ilitoka Australia, nayo ni hodari wa kunyonya maji, hivyo haifai kupandwa kandokando ya mito na chemchemi. Hatusemi ing'olewe yote kesho, kwani kivuli hakiulizwi kabila. Tunasema kwamba bewa linalojiita mahali pa maarifa lingefaa kujua jina la kila mti ulio ndani yake, asili yake na kazi yake, na kuipa nafasi miti ya kiasili kama mikuyu, migunga na mivule kila mahali ambapo udongo na mvua vinairuhusu.

Mambo madogo yenye uzito

Tuanze na maji. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Chukua ukumbi mmoja wa mihadhara wenye paa la mita 500 za mraba, mahali panapopata mvua ya milimita 900 kwa mwaka. Paa hilo hupokea lita 450,000. Hata tukiondoa moja ya tano kwa maji yanayopotea, zinasalia lita 360,000, yaani mitungi 18,000 ya lita 20. Hilo ni paa moja tu. Wakati huohuo, katika mabweni mengi mifereji hukauka, na mwanafunzi hupanda ngazi hadi orofa ya nne akiwa na ndoo mkononi, ilhali maji ya mvua yanateremka mtaroni na kuzoa udongo wa bustani. Mgala muue na haki umpe: vipo vyuo vilivyoweka matangi. Lakini kwa nini jengo lolote jipya la chuo liidhinishwe bila tangi la maji ya mvua?

Tuje kwenye karatasi, mali yetu sisi wa sanaa. Chukua idara yenye wanafunzi 50 wanaowasilisha tasnifu za kurasa 120, kila mmoja nakala 5, zikipigwa chapa upande mmoja wa karatasi. Hizo ni karatasi 30,000, yaani rimu 60. Kanuni ikiruhusu pande zote mbili, rimu 30 zinabaki dukani na fedha zinabaki mfukoni mwa mwanafunzi ambaye huenda amekopa ili apige chapa. Kanuni ikiruhusu rasimu za kusahihishwa ziwasilishwe kwa barua pepe, akiba huwa kubwa zaidi. Mabadiliko haya hayahitaji mfadhili wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Yanahitaji kikao kimoja cha idara na kingine cha seneti.

Taka nazo zina sheria yake. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale pale zinapozalishwa, zinazooza mbali na zisizooza. Maganda ya viazi na masalio ya ugali kutoka mkahawani yanaweza kuwa mboji baada ya miezi michache, nayo mboji ikarejea katika bustani ya chuo. Yakichanganywa na plastiki huwa uvundo tu, na mwisho wake ni kuongeza kilima katika majaa ambayo hayana nafasi tena. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mnamo Agosti 28, 2017, na watu waliodhani kwamba biashara ingesimama waliona ikiendelea. Vipi basi makongamano yetu, yakiwemo ya Siku ya Kiswahili Duniani ya Julai 7, yaendelee kumwekea kila mshiriki chupa ya plastiki mezani, huku birika na gilasi zikitia vumbi kabatini?

Kuhusu nishati, Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka juu ya mapaa yake mwaka 2014 mitambo ya jua yenye uwezo wa kilowati 600. Kwa hivyo hatuwezi kudai kwamba jambo hili haliwezekani katika ardhi ya Kenya. Lakini tutahadhari na haki. Ni rahisi kwa usimamizi kupiga vita koili za umeme mabwenini kwa hoja kwamba zinafuja nguvu za umeme na kuhatarisha maisha. Hoja ni ya kweli. Hata hivyo, anayepikia kwa koili si mbadhirifu. Ni mtu ambaye bei ya chakula cha mkahawani imemshinda. Jiko la pamoja, salama na lenye vifaa visivyokula umeme mwingi, litafanya kazi ambayo msako wa usiku hautaifanya kamwe. Mazingira yakitetewa kwa kumwadhibu maskini, maskini atayachukia, naye hatakosea.

Mtaala: kozi moja haitoshi

Yote tuliyoyataja yataporomoka ikiwa hayana mzizi darasani. Katika vyuo vingi mwanafunzi wa sanaa hukutana na mazingira mara moja, katika kozi ya lazima inayochukuliwa na wote. Mamia hukusanywa ukumbini, vitini huuzwa, mtihani hufanywa, alama hutolewa. Baada ya hapo mazingira huwa yamekwisha. Mwanafunzi huyo hurejea katika fonolojia na ushairi pasi na kuona uhusiano wowote kati ya alichokisoma kule na anachokisoma huku.

Hatari ya mpango huu ni kwamba unatufundisha, bila kusema, kuwa mazingira ni taaluma ya watu wengine. Hayati Profesa Wangari Maathai, aliyeaga dunia mwaka 2011, ni kanusho la fikra hiyo. Hakuwa mwanamisitu. Alikuwa mtaalamu wa anatomia ya wanyama, mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipoasisi Green Belt Movement mwaka 1977, kazi ya miche aliwaachia wanawake wa vijijini ambao hawakuwa na stashahada ya misitu. Waliambiwa kwamba kupanda miti ni kazi ya waliosomea. Wakapanda, miti ikaota. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Na mwaka 1999, alipokuwa akipambana na unyakuzi wa Msitu wa Karura, wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana barabarani kuutetea msitu huo. Hakuna aliyewauliza walikuwa wa kitivo gani.

Kwetu sisi wanakiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Wengi wetu ni walimu watarajiwa. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 unayahesabu mazingira miongoni mwa masuala mtambuko ya kufunzwa katika masomo yote, na katika somo la Kiswahili usafi na utunzaji wa mazingira ni miongoni mwa mada zinazobeba msamiati na ufahamu. Mambo yakienda kama yalivyopangwa, kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala huo litabisha hodi katika vyuo vikuu mwaka 2029. Watakuja wakiwa wamefunzwa kutenganisha taka na kutunza bustani tangu utotoni. Je, watamkuta mhadhiri ambaye hajawahi kuyahusisha mazingira na isimu wala fasihi? Na mwalimu wao wa Kiswahili wa leo, aliyehitimu juzi, alipata wapi maarifa ya kuifundisha mada hiyo?

Fasihi inavyoweza kusomwa upya

Tumezoea kuzihakiki kazi za fasihi kwa macho ya siasa, tabaka na jinsia. Macho hayo yametufaa. Lakini kuna maswali yaliyosalia chini ya pua zetu. Tamthilia ya Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia imefunzwa miaka mingi kama tamthilia ya utawala wa kimabavu. Ni wanafunzi wangapi wameulizwa kuhusu kisima chenyewe? Kwa nini maji, na si dhahabu, yawe ndiyo kielelezo cha uhai na mamlaka? Katika riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, watu waliopoteza makwao wanakimbilia Msitu wa Mamba na kujaribu kuyaanza maisha upya humo. Tunauliza kuhusu ukimbizi na ukabila, nasi twafanya vyema. Ni nadra kuuliza msitu unapatwa na nini watu wanapokosa pa kwenda, na watu wanapatwa na nini msitu unapotoweka. Utubora wa Shaaban Robert, katika Utubora Mkulima, anaiacha kazi ya ofisi mjini na kulirudia shamba. Je, huo ni uadilifu wa mtu binafsi tu, au pia ni mtazamo fulani kuhusu ardhi na binadamu?

Fasihi simulizi ndiyo hazina kubwa zaidi. Kila mwaka wanafunzi wetu hutumwa nyanjani kukusanya methali, vitendawili na ngano. Wangeweza pia kutumwa kukusanya miiko ya visima, majina ya miti na masimulizi ya mito iliyobadili mkondo. Misitu ya makaya ya Wamijikenda katika pwani yetu ilihifadhiwa kwa karne nyingi kwa miiko iliyokataza kukata miti na kuchafua mahali patakatifu. Mwaka 2008 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa turathi za dunia. Hapo uhifadhi ulikuwa ni simulizi na mwiko, wakatunza msitu watu ambao hawakuwa na bunduki wala ua wa seng'enge.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba kila kilicho cha jadi ni kijani. Katika ngano zetu nyingi msitu ni maskani ya zimwi, na shujaa ni yule anayeufyeka au kutoka humo salama. Fisi ametukanwa katika hadithi zetu kwa vizazi na vizazi, ilhali kazi yake ya kuondoa mizoga ni kazi ya usafi. Mhakiki mzuri atayachunguza haya pia. Kazi yake ni kupima, wala si kupamba.

Istilahi na haki ya kuelewa

Hapa ndipo penye fungu letu lisilo na mbadala. Sayansi ya mazingira huzungumzwa nchini kwa lugha ambayo waathiriwa wengi hawaimudu. Kanuni za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari za miradi kwa mazingira ziliagiza kwamba mradi utangazwe redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji, na kwamba mwenye mradi afanye mikutano isiyopungua 3 na watakaoathirika. Nia ni njema. Lakini ripoti zenyewe kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, mamia ya kurasa. Mwananchi anaulizwa maoni kuhusu kitabu asichoweza kukisoma. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba. Basi kumshirikisha mwananchi bila kumfasiria ni kumshirikisha kwa jina tu.

Nasi tukiwa wafasiri hatujasimama imara. Chukua istilahi mbili, "hali ya hewa" na "tabianchi". Baadhi ya vyombo vya habari husema mabadiliko ya hali ya hewa, vingine mabadiliko ya tabianchi, kana kwamba ni visawe. La hasha. Hali ya hewa ni ya leo na kesho: jua, mawingu, mvua ya alasiri. Tabianchi ni wastani wa hali hizo kwa muda mrefu, kwa desturi miaka 30. Msikilizaji aliyeambiwa kwamba hali ya hewa inazidi kuwa ya joto, kisha akaamka Limuru katika baridi ya Julai, ana kila sababu ya kuiona habari hiyo kuwa porojo. Kosa si lake. Ni la istilahi tuliyomkabidhi. Hali ni hiyo hiyo kwa matumizi ya taka kuundia vitu vipya: huyu anasema "kurejeleza", yule "kuchakata upya". Ni nani atakayesawazisha haya kama si idara zetu, zikishirikiana na wenzao wa sayansi?

Wakati mwingine istilahi tunayoitafuta ng'ambo iko midomoni mwa wavuvi. Kwa wengi wetu wa bara, miti yote ya ufuoni ni mikoko basi. Mwenyeji wa pwani hutofautisha mkoko na mkandaa, muia na mchu, mlilana na mkomafi, na anajua upi ni wa boriti na upi hustahimili chumvi zaidi. Huko Gazi, kaunti ya Kwale, wanajamii na watafiti wameuendesha tangu mwaka 2013 mradi wa kuhifadhi miti hiyo na kuuza hewaukaa inayofyonzwa nayo, mapato yakisaidia maji na shule za wenyeji. Mradi huo unaitwa Mikoko Pamoja, jina la Kiswahili linaloeleweka na mtoto na mzee. Mwanafunzi wa leksikografia angeweza kuandika tasnifu nzima kutokana na msamiati wa ufuo mmoja. Ajapo kukawia, mikoko ikiisha majina nayo yatatoweka, kwani neno haliishi muda mrefu baada ya kitu chake.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba mtaala umejaa pomoni. Ni kweli, na ndiyo maana hatudai kozi mpya. Tunadai maswali mapya katika kozi zilizopo: mada ya nyanjani katika fasihi simulizi, matini za kufasiri katika tafsiri, fahirisi za istilahi katika leksikolojia, mhimili mmoja wa ziada katika uhakiki.

Wengine watahofia kwamba fasihi itageuzwa bango la kampeni. Hofu hii iliwahi kutolewa dhidi ya uhakiki wa kifeministi, ulipoonekana kuwa mgeni asiyefaa. Leo ni sehemu ya mitihani yetu. Mtazamo mpya hauiui kazi ya sanaa. Kinachoiua ni kusomwa kwa mtazamo mmoja miaka nenda miaka rudi.

Wengine nao watauliza: chuo kimoja kitafaa nini, ilhali viwanda na miji mikubwa ndiyo wachafuzi? Jibu liko katika jiografia. Mto Njoro hutoka katika Msitu wa Mau, ukapita jirani na Chuo Kikuu cha Egerton, ukaenda kumwaga maji yake katika Ziwa Nakuru. Mto Nairobi hupita kando ya bewa la Chiromo kabla ya kuendelea na safari yake kupitia mitaa ya mashariki. Vyuo vyetu havielei angani. Vimekaa juu ya mito ya watu, na mitaani watu hutazama chuo kinafanya nini kabla ya kusikiliza kinasema nini.

Hitimisho

Mapendekezo yetu ni machache. Kwanza, idara ziruhusu tasnifu zipigwe chapa pande zote mbili za karatasi, na rasimu ziwasilishwe kwa njia ya kielektroniki. Pili, kila siku ya kupanda miti itanguliwe na taarifa ya miti iliyosalia hai tangu siku iliyopita, isomwe hadharani mbele ya mgeni wa heshima. Tatu, kazi ya nyanjani ya fasihi simulizi iwe na sehemu ya maarifa ya mazingira, na matokeo yake yahifadhiwe maktabani. Nne, wanafunzi wa tafsiri wapewe muhtasari halisi wa ripoti za tathmini ya mazingira waufasiri chini ya uangalizi wa wahadhiri, na tafsiri hizo ziwafikie wananchi wanaohusika. Tano, chama chetu cha Kiswahili kianze mara moja kuandaa orodha ya miti ya bewa hili kwa majina yake ya Kiswahili, na kuandaa makongamano yasiyokuwa na chupa za plastiki.

Mawili ya mwisho hayahitaji idhini ya seneti wala bajeti. Yanahitaji daftari, kalamu, na birika la maji. Tukiyatenda hayo muhula huu, tutakuwa na haki ya kuudai usimamizi wa chuo yale makubwa: matangi, mitambo ya jua, majiko ya pamoja. Kinyozi akianza kujinyoa huenda akajikata hapa na pale. Afadhali michubuko hiyo kuliko kukaa na wembe mkononi, mteja akikitazama kichwa chake na kuondoka kimyakimya.